Kuchapa jezi kwa sablimesheni Kigoma: kitambaa gani kinashika, na mashine ipi ninunue?

MshonajiMwanga

Habari za majukumu wakuu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Nashona na kuuza jezi za timu za mtaani, fulana za vikundi vya kina mama, na viakisi mwanga vya bodaboda. Mpaka sasa oda za maandishi na nembo zinaenda Dar, mzigo unarudi baada ya siku kadhaa. Nataka kuanza kuchapa mwenyewe kwa sablimesheni.

Naomba mnieleweshe kwa undani: rangi inaingiaje kwenye kitambaa? Kwa nini wanasema pamba haishiki? Vitenge na kanga je? Printa ya kawaida ya stesheneri inafaa au ni lazima ya kwake? Hiti presi (mashine ya kubana kwa joto) ya sentimita 38 kwa 38 inatosha jezi? Na umeme wetu wa kupanda na kushuka utaiweza? Wenye ujuzi karibuni.

---

WinoNaMoto

Dada, kabla ya kuuliza printa, anza na kitambaa. Hapo ndipo pesa za wengi zinapopotelea.

Unajua vile vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kabatini? Vinapungua siku hadi siku mpaka vinaisha, na huoni tone la maji. Kitu kigumu kimegeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo sablimesheni. Wino wa kazi hii ni chembe ndogo sana za rangi zilizotawanywa ndani ya maji. Printa inazitandaza kwenye karatasi maalumu, maji yanakauka, chembe zinabaki juu ya karatasi. Ukibana karatasi hiyo kwenye kitambaa kwa joto la nyuzijoto 190 hadi 205, chembe zinageuka mvuke.

Kwa joto hilohilo uzi wa poliesta unalegea, unafungua njia ndani yake. Mvuke unapenya mpaka ndani ya uzi. Ukiondoa joto uzi unajifunga na rangi inabaki humo. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya jezi iliyochapwa hivi husikii kitu, hakuna tabaka la kubanduka wala kupasuka, jasho linapita kama kawaida, na hata ukifua mara nyingi picha haichuji.

Pamba haina tabia hiyo. Uzi wake haulegei kwa joto, unaungua tu, na rangi ya aina hii haina pa kujishikiza ndani yake. Ukichapa kwenye fulana ya pamba utaona picha imetoka vizuri, mteja atafurahi, halafu maji ya kwanza yanaondoka nayo. Kwa hiyo kitenge cha pamba na kanga ya pamba, jibu ni hapana.

Mchanganyiko unakupa kadiri ya poliesta iliyomo. Kitambaa chenye poliesta asilimia 65 na pamba 35 kitabaki na rangi kwenye zile 65 tu, picha itaonekana imepauka kama nguo ya zamani. Wapo wateja wanaoupenda mwonekano huo kwenye fulana, lakini nembo ya timu inataka poliesta asilimia 100.

Usiamini neno la muuzaji, wala lebo peke yake. Chomoa uzi mrefu kidogo kwenye pindo, uwashe kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa koleo. Poliesta inaukimbia moto, inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi kisichosagika kwa vidole. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, majivu yake ni laini. Ukiona majivu yenye punje ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Fanya hivyo kwa kila robota jipya, na kwa mitumba fanya kwa kila nguo.

La pili: wino huu hauna rangi nyeupe na hauwezi kufunika. Ni kama kupaka chai juu ya karatasi, kilicho chini kinaonekana. Nyeupe yote unayoiona kwenye picha ni kitambaa chenyewe. Kitambaa cha njano ukikichapa bluu utapata kijani. Cheusi usijisumbue nacho.

---

FundiPrinta_TBR

Salaam kutoka Tabora. Amemaliza upande wa kitambaa, acha nichukue printa.

Printa za wino ziko za namna mbili. Kuna zinazochemsha wino ndani ya hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, ili tone liruke, kama HP na Canon nyingi za wino. Hizo ziache, kwa sababu joto ndani ya hedi halipatani na wino huu. Nyingine zinasukuma wino kwa kijipande kinachotikisika umeme ukipita, bila joto, na Epson ndiyo maarufu kwa hilo. Hapo una njia mbili. Unaweza kununua iliyotengenezwa kwa sablimesheni tangu kiwandani, mfano Epson SureColor F170 ya A4 au F570 inayochapa karatasi ya rola ya upana wa sentimita 61. Au unanunua Epson ya matangi ambayo haijawahi kutiwa wino, unaijaza wino wa sablimesheni. Kwa jezi chukua inayotoa A3, kama L1300 au L18050, kwa sababu namba ya mgongoni yenye urefu wa sentimita 25 ikikaa na jina juu yake haienei kwenye A4. Ujue tu kwamba ukiibadilisha hivyo, waranti imekwisha.

Nasisitiza: iwe mpya kabisa. Ile iliyokwisha kuchapa mitihani ya shule ina wino wa kawaida kwenye mirija na hedi. Mabaki yakichanganyika na wino mpya rangi zinaharibika, na ile sehemu ya wino wa kawaida haigeuki mvuke. Vilevile printa hiyo usiirudishe tena kwenye kazi za ofisi.

Kwa kuwa rangi ni chembe zilizoelea ndani ya maji, zikikaa zinatuama. Chupa itingishe polepole kabla ya kujaza, usiipige kwa nguvu ukaingiza mapovu. Printa iliyokaa wiki bila kazi inaziba. Chapa ukurasa wa kupima nozo (vitundu vya hedi vinavyotoa wino) kila baada ya siku mbili tatu hata kama huna oda. Ukiona mistari imekatika, safisha hedi mara moja, pima, safisha mara ya pili. Ikigoma, iache ipumzike saa kadhaa ndipo ujaribu tena. Kusafisha mara 10 mfululizo kunamaliza wino na kujaza sifongo linalonyonya wino wa taka, hakukusaidii.

Kwenye kompyuta geuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, la sivyo namba 7 itatoka kinyume. Kwenye mipangilio chagua aina ya karatasi isiyong'aa na ubora wa juu, zima marekebisho ya rangi ya printa, na utumie profaili ya ICC (faili linaloiongoza kompyuta kupanga rangi) iliyotolewa na muuza wino kwa wino huohuo na karatasi hiyohiyo. Bila profaili, nyeusi inaelekea kahawia na nyekundu inakuwa ya matofali. Na usiogope rangi zikionekana zimefifia kwenye karatasi. Huwa hivyo, zinaamka zikipata joto. Kwa hiyo usiwahi kuamua rangi kwa kuangalia karatasi. Chapa kipande cha majaribio kwenye kitambaa kilekile cha oda.

---

MshonajiMwanga

Ahsanteni sana, kitambaa na printa nimeelewa. Sasa kwenye kubana. Nimeambiwa nyuzijoto 180 kwa sekunde 30, mwingine kasema 220. Nishike lipi? Na umeme?

---

PresiNaPasi

Dada Mshonaji, yote mawili yana hasara. Kwa 180 kwa sekunde 30 rangi nyingi inabaki kwenye karatasi na jezi inapauka. Kwa 220 poliesta inaanza kuwa ya manjano na kung'aa, nyeusi inageuka kahawia, na kingo za herufi zinatawanyika. Anza na nyuzijoto 200, sekunde 50, mgandamizo wa kati. Jezi nyepesi yenye vitundu ipe 190 hadi 195 kwa sekunde 45 hadi 50. Ukiona karatasi imebaki na rangi nzito ongeza sekunde 5, usikimbilie kuongeza joto.

Lakini namba iliyo kwenye kioo cha mashine si lazima iwe joto halisi la sahani. Presi za bei nafuu zinaweza kusoma 200 katikati huku kona ziko chini zaidi, ndipo unaona nembo imekolea na ncha za namba zimepauka. Pima sehemu 5 za sahani kwa kipimajoto: katikati na kona 4. Ukijua kona ipi ni dhaifu, panga kazi yako mbali nayo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Washa presi uiache dakika 15 ipate moto sawasawa hata kama kioo kimeshafika 200. Jezi ipitishie rola ya gundi kuondoa vumbi na nyuzi. Usiruke hatua hii, kwa sababu vile vidoa vidogo vya bluu au vyekundu vinavyokuja ghafla kwenye jezi nyeupe mara nyingi ni unyuzi mmoja ulionaswa katikati, ukapata rangi na kuimwaga. Bana jezi tupu sekunde 5 hadi 10 ili unyevu utoke. Ingiza kadibodi safi ndani ya jezi, kati ya mbele na nyuma, maana mvuke unapenya na utaikuta namba ya mgongoni imejichora kifuani. Laza karatasi upande wenye wino chini, uifunge kwa utepe wa joto sehemu 2 au 3. Juu yake weka karatasi nyeupe safi. Bana. Ukifungua, inua karatasi kwa mkupuo mmoja ingali moto, bila kuiburuta.

Karatasi ikisogea hata milimita 2 wakati wa kufungua, mvuke ambao bado unatoka unachora kivuli cha pili pembeni ya herufi. Kazi ya utepe ni kuzuia hilo. Presi inayofunguka kwa kishindo inavuta karatasi, kwa hiyo ifungue kwa mkono uliotulia.

Tatizo jingine ni alama ya mraba inayong'aa kufuata kingo za karatasi. Poliesta imelala pale kingo zilipokandamiza. Chana kingo za karatasi kwa mkono badala ya kuzikata kwa mkasi ili zisiwe na ukali, punguza mgandamizo, au weka chini ya jezi godoro dogo linalostahimili joto lenye ukubwa sawa na picha, ili kingo zibaki hewani. Alama nyepesi huondoka kwa mvuke wa pasi bila kuigusisha nguo.

Kigoma tuna unyevu wa ziwa, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inazidisha. Karatasi iliyoachwa wazi inavuta unyevu, na unyevu huo ukipata joto unasukuma rangi pembeni, picha inatoka na mawimbi au madoa meupe. Karatasi ikae kwenye mfuko wake uliofungwa, toa unazotumia tu, na iliyochapwa iache dakika 5 ikauke kabla ya kubana.

Umeme sasa. Presi ya 38 kwa 38 nyingi ni za wati 1,400 hadi 1,800. Chukua ya 1,800: kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8, soketi ya ampea 13 inaiweza ikiwa waya wa ukutani ni wa milimita za mraba 2.5. Usiipitishe kwenye eksitensheni nyembamba ya kuchajia simu, itayeyuka. Volti zikishuka hadi 190, nguvu ya joto haishuki kidogo kama wengi wanavyodhani. Inabaki kama asilimia 68, yaani wati 1,230 hivi. Presi itafika 200 kwa kuchelewa, na ukibana jezi baada ya jezi joto litashuka bila kurudi haraka. Saa hizo ngoja kioo kirudi 200 kabla ya kila jezi. Jioni watu wanapopika na kuwasha taa ndiyo saa mbaya zaidi, kwa hiyo bana asubuhi.

Stabilaiza ya presi iwe ya kVA 3 kwenda juu. Jenereta ndogo ya wati 650 haitaisukuma hata kwa dakika moja. Printa inakula wati chache, kwa hiyo iwekee UPS ndogo (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, hedi inaachwa nje ya kifuniko chake na wino unakauka juu yake. Hapo UPS ya bei ndogo inaokoa printa nzima.

---

Kitambaa_Kasulu

Naongeza: badala ya karatasi nyeupe juu, tumia shiti ya tefloni. Inadumu, huhitaji kununua kila siku.

---

PresiNaPasi

Mkuu, kwa vinaili (plastiki nyembamba ya kubandika kwenye nguo) tefloni ni sawa. Kwa sablimesheni nashauri uiache. Inanasa mvuke wa rangi kutoka kazi ya kwanza na kuuhamishia kwenye jezi ya pili, tena haipitishi unyevu. Karatasi ya kuokea au nyeupe isiyo na maandishi, itumie mara moja kisha badilisha. Karatasi ya gazeti usiiguse, wino wake unahama.

---

MshonajiMwanga

Hapo nimepata mwanga. Swali la mwisho. Timu moja ina jezi nyekundu tayari, wanataka namba nyeupe. Na watu wa bodaboda wanataka jina la kijiwe kwenye viakisi vya njano. Hizi zinawezekana?

---

WinoNaMoto

Namba nyeupe kwenye jezi nyekundu haitoki kwa sablimesheni, kwa sababu niliyoitaja juu. Utahitaji DTF (picha inayochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwa joto) au vinaili, yaani tabaka linalogandishwa juu ya kitambaa. Na hapo kuna mtego. Ile nyekundu ya jezi nayo ni rangi ya jamii hiyohiyo iliyoingizwa ndani ya poliesta. Ukibandika namba nyeupe kwa joto kubwa, nyekundu inaanza kutoka na kupanda kwenye tabaka jeupe. Siku unayokabidhi namba ni nyeupe, baada ya siku mbili tatu imekuwa ya waridi. Mteja ataona umemdanganya. Chukua filamu yenye kizuizi, ile ambayo mgongo wake ni wa kijivu au mweusi, uibane kwa joto dogo kadiri mtengenezaji anavyoruhusu. Zipo zinazoshika kwa nyuzijoto 120 hadi 135. Bana kipande cha majaribio ukiache siku 3 kabla ya kugusa jezi 16 za watu.

Njia bora zaidi kwa oda mpya ni kuigeuza kazi: chukua kitambaa cheupe, chapa nyekundu yote ukiacha nafasi ya namba wazi. Nyeupe inakuwa kitambaa chenyewe, haibadiliki kamwe. Ila hiyo inafanywa kwenye vipande kabla ya kushona, na wewe ni mshonaji, hapo una faida kuliko wachapaji wengi. Jezi iliyokwisha kushonwa ukiichapa yote inaacha michirizi myeupe kwapani na kwenye mishono, kwa sababu kitambaa kimejikunja na mvuke haukufika. Kwa vipande vizima presi ya 38 haitoshi. Unataka ya sentimita 60 kwa 80 au 80 kwa 100, na printa ya karatasi ya rola. Ndiyo maana nashauri uanze na namba, nembo na majina kwenye jezi nyeupe na za rangi hafifu, 38 kwa 38 inakutosha kabisa kwa hayo. A3 ina urefu wa sentimita 42, kwa hiyo kata karatasi ya ziada au panga picha isizidi sentimita 36.

Ukifika kwenye vipande, kumbuka poliesta inasinyaa kwa joto. Chora mraba wa sentimita 30 kwenye kitambaa, ubane tupu kwa nyuzijoto 200 sekunde 50, pima tena. Ukipata 29.4 kimesinyaa asilimia 2. Pima urefu na upana, kila kimoja peke yake, maana mara nyingi havisinyai sawa, halafu ongeza tofauti hiyo kwenye patani kabla ya kukata.

---

FundiPrinta_TBR

Kwa viakisi: kitambaa chake aghalabu ni poliesta, kichome uzi uhakikishe. Maandishi meusi juu ya njano yanatoka safi. Bluu itageuka kijani, nyekundu itaelekea chungwa, kwa hiyo mshauri mteja achukue nyeusi. Mistari ya fedha inayong'aa usiibane, joto linaiharibu na ndiyo inayomlinda dereva usiku. Panga maandishi kati ya mistari, ukibana tumia kipande cha godoro kilichokatwa kwa kipimo cha nafasi hiyo tu ili mistari isiguswe na sahani. Vingi ni vya wavu mwembamba, mvuke unapita kwenye matundu, kwa hiyo weka karatasi ya kuzuia chini pia, la sivyo utachafua presi. Nyuzijoto 190, sekunde 40, kisha angalia.

Ukishazoea, kuna kazi nyingine zinazoingia kwa vifaa hivyohivyo: foronya za satini ya poliesta, bendera, skafu za mashabiki, kamba za vitambulisho, vitambaa vya meza vya sherehe. Bendera na mabango yanayokaa juani mwambie mteja mapema kwamba maji hayaondoi rangi hii ila jua la kila siku linaipausha polepole. Na kila mwenye jezi mwambie aigeuze ndani nje akitaka kupiga pasi, tena pasi ya joto dogo. Pasi kali inaifufua rangi na kuihamishia kwenye kitambaa cha kupigia pasi.

---

MshonajiMwanga

Mungu awabariki wakuu. Kesho naenda sokoni na kiberiti na koleo, nitachoma nyuzi za kila kitambaa kabla sijaagiza printa. Nikipata majibu ya nyuzi nitaweka picha hapa mnisaidie kuzisoma.